Ule Weupe wa Samli

Si kweli. Narudia tena, na ukitaka kunikunjia uso kunja: Mama Kanti hakumpofusha bibi yangu. Wewe hukuwepo. Salumu naye hakuwepo, alikuwa bado ananyonya, lakini juzi kwenye arobaini ya Bibi kule Mpapura alikaa mkekani mbele ya sinia la pilau, akanusa, akasema kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi, "Samli kama hii ndiyo yule Mhindi aliyomtia Bibi machoni, jicho likafa." Watu wakatikisa vichwa. Mjomba Issa, baba yake, akasema, "Naam, ndiyo hiyo." Mimi nilikuwa nimefika mlangoni na bakuli la kachumbari. "Muongo wewe!" Mbele ya shehe na wazee wote. Mama akanivuta kanga nirudi uani, nikarudi, lakini moto ule haujazimika mpaka leo hii ninapoandika.

Alimtia samli, hilo kweli. Nilikuwepo, nilishika kisahani. Ndiyo maana nasema.

Sisi wakati ule tulikaa mjini, mtaa wa Ufukoni, baba akibeba mizigo bandarini. Uani kwetu na uani kwa Mama Kanti palitengwa na ukuta mfupi ambao mimi niliuruka mara kumi kwa siku. Mbele alikuwa na duka la viungo na vitambaa, miaka ile ambayo duka lilikuwa na rafu nyingi kuliko vitu. Alizaliwa Mikindani, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wetu. Marehemu baba yake alikuwa mganga wa dawa za kwao, ile elimu wanayoiita Ayurveda, naye aliirithi nusunusu kwa kumtwangia baba yake dawa. Mtoto akiwa na tumbo, Mama Kanti. Mzee akikohoa, Mama Kanti. Hakutoza kitu. Watu haohao waliokuwa wakimwita mnyonyaji kwenye mkutano wa tawi mchana, jioni walikuwa uani kwake wamefumbua midomo wanatiwa asali.

Bibi alikuja kwetu kwa ajili ya macho. Bibi Somoe, mama wa mama. Kwao walikuwa wamehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mistari, lakini mikorosho haikuhamishwa na mtu. Ilibaki kulekule kwenye shamba la zamani, mwendo wa kutoa jasho, na Bibi kila msimu alikwenda na kurudi. Korosho alibangua mwenyewe, anazichoma kwenye debe lililotobolewa, moshi mweusi unamfuata popote anapogeuka. Vidole vyake vilikuwa vimeungua kwa mafuta ya maganda mpaka havisikii tena moto. Nikimuuliza, "Bibi, huumii?" anasema, "Niumie mara ngapi?"

Jicho la kushoto lilikuwa limefunga. Mboni nyeupe, nzito kama tui la kwanza. La kulia lilikuwa bado, lina ukungu tu. Yeye hakukubali kama haoni. Alifika kwetu asubuhi, akapita kwenye pipa la maji pale mlangoni, akaliambia, "Hamjambo hapa?" Mama akageukia ukutani akalia. Mimi nikacheka, nikapigwa kofi.

"Mwache," Bibi akasema. "Huyu ni mke mwenzangu, ana haki ya kunicheka." Ndivyo alivyoniita, mke mwenzangu, kwa sababu nilikuwa mjukuu wake wa kike wa kwanza na babu alikuwa amekufa akidai mimi ndiye mke wake mdogo. Kuanzia siku ile nikawa fimbo yake. Mkono wake begani kwangu, ule mkono mkavu unaonuka moshi wa korosho, tunakwenda msalani, tunakwenda kisimani, tunakwenda kwa Mama Kanti.

Mama Kanti alimkalisha kwenye kigoda juani, akamfunua kope kwa kidole gumba. Akaangalia muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo nayaapia: "Bi Somoe, nakwambia mapema. Macho yako yana mambo mawili. Yana moto wa moshi, huo nitaupoza. Na yana mtoto wa jicho. Huyo simtoi mimi, wala baba yangu hakumtoa. Huyo anangoja daktari na kisu."

Bibi akasema, "Haya." Unajua "haya" ya mtu wa kwetu? Haina maana kwamba amekubali. Ina maana kwamba amesikia sauti.

Mimi sikuvuka darasa la saba, ila karatasi ikipita mbele yangu haiponi. Baadaye sana niliokota kijitabu cha afya zahanati, nikakisoma mpaka kikachanika, ndipo nikaelewa alichokuwa anasema. Ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni, kuna kitu kidogo kinachopitisha mwanga. Kikiwa kizima ni kama ute wa yai bichi, unaona upande wa pili. Mtu akizeeka, kile kitu kinaanza kuwa cheupe polepole, kama ute ule ukiwa kikaangoni. Yai likishaiva utaliosha na nini lirudi bichi? Uoshe kwa maji ya waridi, uoshe kwa samli, unaosha nje. Ugonjwa uko ndani. Mama Kanti alilijua hilo bila kijitabu.

Lakini moshi aliuweza. Kwanza yale maji. Alikuwa na matunda matatu makavu, meusi, yamekunjamana, akiyataja kwa jina moja, trifala. Anayaponda, anayaloweka usiku kucha kwenye kikombe cha udongo, asubuhi anayachuja kwenye kitambaa mara mbili, mara tatu, mpaka maji yawe safi. Harufu yake ilikuwa kama kutu na ukwaju. Bibi anainama, anaoshwa. Kisha maagizo: usipulize moto kwa mdomo, usichome korosho upepo ukikuelekea, na kila asubuhi tembea peku kwenye nyasi zenye umande, inapoza macho.

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Peku? Mama Kanti, mimi viatu nimevaa siku ya ndoa tu. Kama peku ni dawa, mimi si ningekuwa nasimama Kilambo mpakani nawahesabia Wamakonde wa Msumbiji vifungo vya mashati?"

"Basi nakuandikia viatu," Mama Kanti akajibu. Wakacheka wote wawili. Walipendana, wale. Nakuomba ukumbuke hilo.

Baada ya maji ikaja samli, siku saba. Hapo ndipo watu wanapotia chumvi, basi nikueleze ilivyokuwa. Bibi alilazwa chali kwenye mkeka. Mama Kanti akakanda unga wa choroko mgumu kama wa chapati, akatengeneza duara, akaliweka kuzunguka jicho kama ukingo wa kisima, akabana kwa vidole pasivuje. Kisha anachukua samli iliyoyeyushwa pembeni ya jiko, anaijaribu kwenye kiwiko chake, akiona ni vuguvugu anaimimina taratibu mpaka kope zinafunikwa. "Sasa fumba, fumbua. Fumba, fumbua." Na Bibi ndani ya kile kisima kidogo anapepesa, samli inatikisika, inang'aa rangi ya dhahabu. Mama Kanti anahesabu kwa lugha yao, akimaliza anaiteka kwa pamba, anaiweka kwenye kisahani, anatoboa ule ukingo, anamfuta. Kisha jicho la pili.

Siku ya kwanza nilidhani anamkaanga. Nilipiga kelele, Bibi akaninyooshea mkono huku amelala, "Mke mwenzangu, tulia. Ni kama kuoga."

Kazi yangu ilikuwa kumwaga kisahani. Siku ya tatu Mama Kanti aliitwa dukani, ilikuja sabuni, foleni imefika barabarani. Mimi nikaacha kisahani juu ya ukuta nikaenda kuchungulia foleni. Ilikuwa kipupwe, asubuhi zina baridi kidogo. Niliporudi, kisahani kilikuwa na kitu kingine. Ile samli ya dhahabu haikuwepo. Palikuwa na kitu cheupe, kizito, kama tui. Weupe uleule. Weupe wa jicho la kushoto la Bibi.

Utacheka. Cheka. Sisi nyumbani tulikuwa watu wa nazi na ufuta, samli sikuwahi kuiona ikiwa baridi. Kule kwa Mama Kanti ilikaa daima karibu na jiko. Ningejuaje kwamba inaganda? Nilichoona ni kwamba samli imeingia machoni safi, imetoka na ugonjwa.

"Bibi," nikamnong'oneza, "umetoka."

"Nini?"

"Weupe. Umetoka kwenye jicho. Uko hapa."

Akakaa. Akanyoosha kidole, nikakiweka kwenye kisahani. Akakisugua kile kitu kati ya vidole vyake vilivyoungua, muda mrefu, uso wake ukabadilika. Sijawahi tena kuona uso wa mtu mzima ukiwa mdogo namna ile. "Kweli," akasema. "Una uzito."

"Nimwite Mama Kanti aone?"

"Thubutu!" Akanishika mkono. "Dawa haishukuriwi. Mwenye dawa humwambii kitu mpaka imalizike, itakatika nguvu. Hata yeye si amesema hautoi? Mwenye dawa ya kweli huwa hajisifu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akikupa dawa husemi asante, unaondoka kimya kama umeiba. Hata sasa nikipewa panadoli ulimi unasita. Basi tukanyamaza, mimi na yeye. Kila siku nilisubiri kisahani kigande, nikampelekea aguse, kisha nikakifukia chini ya mpapai. Mpaka siku ya saba. Mama Kanti, ambaye angetucheka kwa neno moja, "ni samli hiyo, nyie," hakuulizwa.

Na macho yaliacha kuwasha. Yaliacha kutoa machozi. Ule wekundu ukaisha, Bibi akalala usingizi bila kujikuna. Hiyo dawa ilifanya kazi yake, tena vizuri. Akarudi Mpapura akitembea kifua mbele, akawaambia watu, "Umetolewa, mjukuu wangu ameuona kwa macho yake." Watu wakaja kumwangalia. Jicho bado jeupe, lakini yeye anasema naona mwanga umepanuka, nani atambishia?

Shule zilipofungwa nikafungiwa mzigo niende kwake. Asubuhi ya safari Mama Kanti aliniita. Duka lilikuwa limejaa masanduku, rafu tupu kabisa, mwanawe Kanti anafunga kamba. Wanahama, sikujua wapi, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua vizuri. Akachutama mbele yangu, akanishika mabega.

"Sikiliza. Nimepata habari. Daktari wa macho anakuja hospitali ya misheni wiki ijayo, Jumatatu mpaka Jumatano, kisha haji mpaka mwakani. Mwambie Bibi, mwambie na mjomba wako. Apelekwe. Lile jicho la kushoto limekomaa sana, likiachwa litavimba kwa ndani. Ile samli ilikuwa ya kupoza tu. Mtoto wa jicho anatolewa kwa kisu. Sema nisikie."

Nikasema. Akanifanya nirudie mara tatu. Mara ya tatu alinibusu kipaji, akanuka iliki.

Ndani ya lori nilikaa juu ya magunia na ule ujumbe mdomoni kama jiwe. Neno lililonisumbua lilikuwa kisu. Nilijua kisu. Nilimwona baba akichuna samaki. Na lingine, niseme ukweli wote leo: nikiufikisha, basi ule weupe haukutoka. Basi mimi, niliyeuona kwa macho yangu, ni muongo mbele ya Mpapura nzima.

Nilipofika alikuwa uani na wanawake wenzake, wanacheka, moshi wa korosho unampiga usoni. Akanisikia miguu. "Mke mwenzangu! Njoo hapa. Haya, Mama Kanti anasemaje?"

Nikasema, "Anakusalimu."

Basi. Ni hilo tu. Neno moja. Jumatatu ikapita, tulikwenda shamba. Jumanne ikapita. Jumatano nilikula ugali wa muhogo nikaushindwa, Bibi akanipapasa tumbo akidhani nina mchango.

Jicho lilivimba msimu uliofuata. Aliamka ameshika kichwa, anatapika, analia kama mtoto, yeye ambaye hakuwahi kulia kwa moto. Nililetwa kutoka mjini pamoja na mama. Nilipomwona amejifunga kitambaa usoni, anajigonga ukutani, ujumbe wote ulinitoka, neno kwa neno, pale pale, nikiwa nimepiga magoti mkekani kwake. Tulikuwa wawili tu chumbani. Jumatatu mpaka Jumatano. Litavimba kwa ndani. Kisu. Vyote.

Aliendelea kupumua kwa meno.

Mjomba Issa alimpandisha kwenye lori la korosho, akampeleka misheni, na bahati daktari alikuwa amefika wiki hiyo. Jicho la kushoto alisema limechelewa. Kile kitu kimevimba, kimeminya jicho lote, mshipa wa nyuma umekufa, hakuna wa kuufufua. La kulia likapasuliwa. Alipofunguliwa bandeji akapewa miwani minene kama chini ya chupa, imefungwa kamba kisogoni, akaniangalia kwa jicho moja kubwa, kubwa mno nyuma ya kile kioo.

"Kumbe una pengo," akasema. "Na hukuniambia."

Nilicheka na kulia, sikumbuki kipi kilianza. Aliona tena miaka mingi. Alirudi kwenye mikorosho yake, akautambua kila mti, akanifundisha kuchagua korosho mbovu kwa rangi. Nadhani hakuna mtu aliyefurahia jicho moja kama Bibi. Alikuwa anakaa mlangoni anawataja wapita njia kwa nguo zao, "Zuhura, kanga hiyo ni ya mwaka jana!" mpaka watu wakaanza kuzunguka nyuma ya nyumba.

Lakini jicho lile lililokufa lilihitaji mwenye kosa, kwetu jambo haliachwi hivihivi. Jioni moja Mjomba Issa akasema barazani, watu wamejaa, "Ni ile samli ya Mhindi. Kaja kutunyonya, kamaliza na jicho, kakimbia." Nikafungua mdomo. Vidole vya Bibi, vile visivyosikia moto, vikanibana paja nusura ving'oe nyama. Nikanyamaza. Na yeye, aliyejua kila neno, akarekebisha miwani yake, akasema, "Haya."

Baadaye nilimfuata jikoni. "Bibi, umemsingizia Mama Kanti."

"Sikusema kitu."

"Ndiyo hivyo, hukusema!"

Alikuwa anapepeta korosho. Hakuacha. "Mama Kanti yuko mbali, maneno haya hayamfikii. Wewe uko hapa. Yatakufikia kila siku, mpaka uolewe, mpaka uzae, watasema huyu ndiye aliyeliua jicho la bibi yake. Sitaki." Kisha kwa sauti ndogo, "Na ule weupe mimi sikuuona, mwanangu. Niliugusa tu. Macho yangu yalikuwa wewe. Mtu ataacha kuyaamini macho yake?"

Alinifanya niape. Nikaapa. Kila aliposikia watu wanamtukana yule mama, alinitafuta kwa lile jicho lake moja, ananiangalia mpaka niinamishe kichwa. Alinilinda hivyo mpaka anakufa, na hakuna mtu duniani aliyenipenda namna ile, na anayelipia mapenzi hayo ni mwanamke aliyechutama mbele yangu kwenye duka tupu akanifanya nirudie maneno mara tatu kwa sababu alimtakia bibi yangu macho.

Juzi nilisema "muongo" tu, nikaishia hapo, kiapo kikanikaba. Msimu wa korosho ukifika tutakuwa wote Mpapura tena, Mjomba Issa, Salumu, mama, wote uani kwa Bibi. Nimeamua nitasema, kisha naamka asubuhi nahisi vidole vyake pajani.

Wewe ungesema?